Nani Alishika Usukani

Dada Tatu ni fundi cherehani pale Isevya. Alikuwa fundi kabla sijaolewa, ndiye aliyenishonea gauni la harusi, na nilipoachika nikarudi nyumbani nilimkuta kwenye kibaraza kilekile, mguu wa kulia ukikanyaga pedeli. Mimi nasuka nywele upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe akiwa anakata vitambaa.

Ukoo wake ni wa mjini hapahapa Tabora. Babu wa babu yake alikuja na misafara, akachoka kutembea, akabaki. Anashona kanzu, sare za shule na magauni ya kipaimara ya watoto wa Kikatoliki, na mshono wake haufumuki. Mumewe alifariki zamani, watoto hakujaliwa. Aliyebaki naye ni mdogo wake, Idrisa, mwanamume mzima anayekula kwake na kulala kwake, ambaye kila mwaka ana biashara mpya anayokaribia kuianza.

Sasa kuna Wenceslaus. Watu wa aina yake nchi hii inao wengi kupita mahitaji. Alizaliwa Igalula kwa wazazi wakulima, watu wa heshima zao ambao walistahili mtoto mwingine. Alianza kwa kuuza asali ya madumu, akaingia kwenye mbao, na mbao zikamnunulia Prado nyeusi. Tangu apate gari lile, alama za barabarani kwake zikawa mapambo ya mji. Kibao cha hamsini kiliwekwa kwa ajili ya mabasi. Kivuko cha waenda kwa miguu kilichorwa ili bajaji zisimame. Mkanda ulikuwa wa abiria waoga. Alikuwa na dereva wa kuajiriwa, kijana anaitwa Festo, lakini mara nyingi alimwacha shambani akihesabu mbao na yeye akaendesha mwenyewe, kwa sababu raha ya gari kama lile ni kuonekana ukiliendesha.

Trafiki akimsimamisha, hakuteremsha kioo mpaka mwisho. Alikiteremsha kiasi cha kupitisha simu tu, akasema, "Ongea na mkubwa." Baadaye sana tulikuja kuambiwa na Festo kwamba huko upande wa pili hakukuwa na mkubwa yeyote. Alikuwa shemeji yake, fundi wa redio, mwenye sauti nzito. Na mtu huyuhuyu ndiye aliyetoa fulana za Wiki ya Usalama Barabarani. Kifuani ziliandikwa jina lake kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya reli, na chini yake, kwa herufi za sisimizi, "Tii Sheria."

Asubuhi aliyogongwa, Dada Tatu alikuwa anapeleka furushi la sare kwenye shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya Kigwa. Alifika kwenye kivuko akainua mkono. Bajaji ya Nassibu, kijana wa mtaani kwetu, ikasimama. Dada Tatu akaingia barabarani. Alikuwa amefika katikati Prado ilipotokea nyuma ya bajaji, ikaipita palepale penye michirizi myeupe, ikamchukua mguu.

Aliangukia sare. Anasema maumivu hayakuja upesi, kilichokuja kwanza ni hasira ya kuona mashati meupe yanaingia vumbi. Kisha akaona Prado imesimama mbele kidogo. Mlango ukafunguka, Wenceslaus akashuka, simu bado ipo sikioni. Akazunguka mbele ya gari, akainama, akapapasa bampa, akaiangalia na upande wa pili. Hakugeuza shingo. Hakuuliza kama aliyelala pale ni mtu au ni furushi. Aliporidhika na bampa yake alipanda, akaondoka.

"Najiat," aliniambia siku nilipokwenda kumwona hospitali, "kama angenitukana ningemwelewa. Yule mtu aliniruka kama shimo."

Nassibu ndiye aliyempeleka hospitali, na kwa hilo ana shukrani yake. Inaishia hapo. Alipoulizwa na polisi alisema aliona gari jeusi, dereva hakumwona vizuri, jua lilikuwa usoni. Jua gani? Asubuhi ile lilikuwa mgongoni kwake. Ukweli ni kwamba bima ya bajaji yake ilikuwa imekwisha siku nyingi, naye aliona kadiri atakavyokumbuka mambo machache ndivyo polisi watakavyomsahau upesi.

Aliyekuja kuandika maelezo ya Dada Tatu ni Koplo Pelagia, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyependa mzaha. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Pole, mama. Nataka unieleze ulichokiona. Lakini kabla hujaanza nikwambie, kuna kijana amekwisha kuja kituoni kwa hiari yake. Anasema yeye ndiye alikuwa anaendesha."

"Kijana gani?"

"Anaitwa Festo. Ni dereva wa mwenye gari."

"Mimi nimegongwa na mwenye gari. Alishuka akapapasa bampa. Kichwa kina upara, simu sikioni, tumbo limetangulia. Hilo tumbo ni la dereva wa kuajiriwa?"

Koplo Pelagia hakucheka. Aliandika yote, akamsomea, akampa aweke sahihi. Kisha akamwambia ukweli ulivyo: maneno yake yamo kwenye jalada, lakini upande mwingine kuna mtu aliyekiri kwa kinywa chake, na shahidi wa tatu anasema hakuona. Atakayepelekwa mahakamani kwanza ni aliyekiri. "Usibadilishe neno, mama. Siku yako ya kusema itafika."

Alirudi nyumbani mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Wajumbe hawakuchelewa. Wenceslaus hakuja mwenyewe, maana watu wa namna yake wana watu wa kuwatuma kwenye aibu. Alikuja baba yake mkubwa, Mzee Vedasto kutoka Igalula, na wanaume wengine wawili waliokaa kimya muda wote kama viti. Walibeba sukari, mchele na mche wa sabuni. Nilikuwa namshonea Dada Tatu vifungo, nikabaki.

"Mwangaluka," Mzee Vedasto alianza kwa salamu za kwao, kisha akaingia kwenye Kiswahili. "Mwanangu Tatu, ajali ni mipango ya Mungu. Sisi tumekuja kama wazazi. Mambo ya polisi na mahakama yanaleta uadui. Tuyamalize nyumbani."

"Shikamoo, mzee," alisema Dada Tatu. "Nyumbani kwa nani?"

"Ki-nyumbani, namaanisha. Kindugu."

"Mzee wangu, mimi sikugongwa nyumbani. Nimegongwa barabarani, kwenye kivuko cha serikali, mchana kweupe. Undugu wangu na huyo mwanao umeanza lini? Alipokuwa anakagua bampa?"

Mzee akasema Festo ni kijana mdogo, amekosea, amekiri, na bosi wake kwa huruma atamlipia faini na atamsaidia mgonjwa matibabu. Kinachotakiwa ni Dada Tatu akubaliane na maelezo ya Festo, basi.

Idrisa, aliyekuwa ameegemea mlango, akaingilia. "Dada, wazee wamejishusha. Faini ya barabarani ni kitu kidogo, hata ukishinda kesi hupati kitu. Chukua msaada." Kumbe walikuwa wamekwisha kutana naye pembeni, wakamwahidi pikipiki. Mtaa mzima ulijua kwamba alikwisha chagua hadi rangi ya pikipiki.

Dada Tatu alimtazama mdogo wake kwa muda, jinsi unavyotazama nguo iliyoliwa na panya. Kisha akanigeukia. "Najiat, wasaidie wageni kubeba sukari yao. Ni nzito, wasije wakaumia mgongo."

Walibeba. Mmoja wa wale wawili alirudi kuchukua sabuni aliyoisahau, na hilo ndilo jambo pekee alilolifanya siku hiyo.

Usidhani alikuwa jiwe. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye cherehani, plasta imetolewa, anajaribu kukanyaga pedeli. Mguu ulikuwa umekonda, umepinda kidogo chini ya goti, na haukusikia. Aliukanyaga, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akajaribu tena. Kisha akainamisha kichwa juu ya meza ya cherehani akalia bila sauti. Niliingia ndani nikajifanya natafuta pasi. Nilipotoka alikuwa amekwisha futa uso, anajaribu mguu wa kushoto.

Huko kituoni Koplo Pelagia alikuwa akimsomea Festo mashtaka yake. Alimweleza kitu ambacho bosi wake hakuwa amemweleza. Kumgonga mtu kwenye kivuko ukamjeruhi, kisha ukaondoka, si sawa na kupita kibao cha hamsini, ukapewa karatasi ya faini ukalipe kwa simu. Hakimu anaweza kutoza faini, anaweza kufunga, na anaweza kumnyima mtu leseni kwa muda atakaoona unafaa. Na kuwadanganya polisi ni kosa lingine peke yake.

Festo alitoka pale amepauka. Alikwenda kwa bosi wake, akaambiwa asiwe mwoga, leseni itarudi, na mbwa anayebweka kituoni hafukuzi gari. Basi akaja kwa Dada Tatu. Ilikuwa mchana, nina mteja kichwani, lakini barabara yetu ni nyembamba na masikio yangu ni mazima.

"Shikamoo, mama."

Dada Tatu aliendelea kutunga uzi kwenye sindano. Ulipopita akapiga fundo.

"Shikamoo, mama," Festo alirudia.

"Sema kilichokuleta."

Alipiga magoti, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. "Mama, nina watoto. Bosi alisema ni faini tu na atalipa yeye. Sasa yule koplo anasema naweza kufungwa, au leseni ichukuliwe. Bila leseni mimi ni nani?"

"Na ukiwa nayo ni nani?"

"Naomba ukifika mahakamani useme gari halikuwa kasi. Useme uliingia barabarani ghafla. Hakimu atanihurumia."

"Yaani niseme kosa ni langu."

"Si kosa, mama. Ni kusaidiana."

Dada Tatu aliweka sindano chini. "Sikiliza. Bosi wako namdharau, lakini yeye alikimbia kosa lake, na wakosaji wengi hukimbia. Wewe umekimbilia kosa la mwenzako kwa sababu ya mshahara. Umesimama mbele ya polisi ukasema ulinivunja mguu, na hata hujui ni mguu upi. Mguu upi?"

Festo aliangalia sketi yake ndefu iliyofunika miguu yote miwili. Alichagua wa kushoto.

"Ondoka kwenye kibaraza changu," alisema Dada Tatu. "Unanizibia mwanga."

Siku ya mahakama tulikwenda naye, mimi na wanawake wengine wa mtaani. Alitembea kwa magongo, hakutaka kushikwa. Wenceslaus alikuwepo, amevaa suti ya kijivu, ameketi benchi la mbele. Alimwambia kila aliyempa mkono kwamba amekuja kumtia moyo dereva wake, kijana mzuri aliyeteleza.

Mashtaka yakasomwa. Hakimu akamuuliza Festo kama ni kweli au si kweli.

"Si kweli, mheshimiwa."

"Uliandika maelezo ya kukiri."

"Niliyaandika. Lakini sikuwa mimi. Siku ile nilikuwa Igalula, pale stesheni, napakia mbao kwenye lori. Wapo walioniona tangu asubuhi. Aliyeendesha ni bosi. Aliniambia nikaseme ni mimi."

"Wewe Festo!" Wenceslaus alisimama, suti na kila kitu. "Mshenzi wewe, baada ya yote niliyokufanyia!"

"Wewe ni nani katika shauri hili?" hakimu alimuuliza bila kupandisha sauti.

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Basi kaa chini. Nadhani utaitwa."

Watu wengine walimsifu Festo siku ile, eti dhamiri imemsuta. Dhamiri gani? Kama adhabu ingekuwa faini peke yake angekiri mpaka leo na kuomba nyongeza ya mshahara. Aliogopa kupoteza leseni. Ukweli ulipata nafasi kwa sababu uongo ulikuwa umepanda bei, hakuna zaidi. Lakini Dada Tatu hakuchagua shahidi, aliletewa huyo, akamtumia alivyo.

Shauri la Festo likaondolewa, uchunguzi ukaanza upya. Watu wa stesheni walithibitisha. Na kumbukumbu za Nassibu, ambazo jua lilikuwa limezifuta, zikarudi zote, pamoja na upara, simu na bampa. Kwanza alilipia bima, ndipo akakumbuka.

Wenceslaus alipopandishwa yeye, wakili wake alimshauri akiri, na akakiri kwa sauti ambayo tuliokaa nyuma hatukuisikia. Hakimu akamwambia arudie. Akarudia: ni kweli aliendesha kwa hatari akasababisha majeraha, ni kweli hakumsaidia aliyejeruhiwa, ni kweli hakutoa taarifa. Wakili akaomba apunguziwe adhabu. Alisema mteja wake ni mtu anayetegemewa, ni mara yake ya kwanza kushtakiwa, na ni mdau wa usalama barabarani kama fulana zake zinavyoonyesha. Koplo Pelagia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama juu darini.

Hakimu alitaja faini, na kifungo kama faini haitalipwa. Wenceslaus alitabasamu. Nilimwona. Mkono wake ulikwisha kwenda kwenye mfuko wa koti. Kwake faini ilikuwa nauli tu, unalipa na safari inaendelea. Ndipo hakimu akaendelea: hataruhusiwa kuwa na leseni wala kuendesha chombo chochote cha moto kwa miaka mitatu, na leseni aliyonayo aikabidhi leo hii, kabla hajatoka.

Mkono ulibaki mfukoni. "Mheshimiwa," alisema, "hilo la leseni... haliwezi kuongezwa kwenye faini?"

Ukumbi mzima ulicheka, hata askari. Hakimu hakucheka. Alimwambia ana haki ya kukata rufaa, akafunga jalada.

Tulikutana naye nje, kwenye ngazi, alipokuwa anamsubiri mtu wa kumpeleka nyumbani, maana Prado yake ilikuwa pale na yeye hakuruhusiwa kuigusa. Alimtazama Dada Tatu kwa mara ya kwanza tangu amgonge.

"Umefurahi sasa?"

"Nifurahi nini? Nina chuma mguuni," alisema Dada Tatu. "Siku ile ulisimama kwa ajili ya bampa. Leo nimekuja kukuona ukisimama kwa ajili ya mtu. Nimekuona. Huna sura ya mtu."

Akapachika magongo kwapani, akashuka ngazi moja moja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Hayo yamepita. Wenceslaus amewatangazia watu kwamba daktari amemshauri apumzishe macho, ndiyo maana haendeshi. Anakaa kiti cha nyuma na vioo amevipandisha. Wapo wanaomwamini, na wapo wanaomsaidia kuamini, kwa sababu bado ananunua vinywaji. Festo alifukuzwa siku ileile. Sasa anaendesha lori la tumbaku upande wa Ulyankulu, na nasikia huko anasimulia jinsi alivyomwangusha tajiri kwa ujasiri wake. Idrisa hana pikipiki. Alinuna kwa muda, kisha njaa ikamrudisha mezani.

Malipo ya bima ya gari bado yanazunguka ofisini, kila Dada Tatu akienda anaambiwa arudi. Dada Tatu amefunga mota ndogo kwenye cherehani, na umeme ukikatika anakanyaga kwa mguu wa kushoto, polepole, akilaani wenye umeme na wenye magari kwa pumzi moja. Mguu wa kulia unamuuma mvua zikikaribia. Hajapona, na wanaosema amepona hawajawahi kumwona akipanda kitandani.

Juzi alikuja mteja mmoja, mzee wa msikitini, kupimwa kanzu. Alipoinua mikono ili apimwe kifua, akaanza kwa upole. "Bi Tatu, mambo yamekwisha. Yule bwana ni mwenzetu mjini hapa. Nimekutana naye, amekonda. Inafaa umsamehe, moyo wako upate kutulia."

Dada Tatu alizungusha futi kifuani kwake, akasoma kipimo, akakiandika kwa chaki juu ya meza.

"Kanzu yako, mzee," alimuuliza, "unataka mfuko mmoja au miwili?"